Shajara ya ardhilhali ya vipande, Pwani ya Kusini

Hii ni shajara ya kazi tunayoifanya Msambweni na Lungalunga, kaunti ya Kwale: kuandika na kuwasilisha ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, kwa Bunge la Kitaifa kwa ajili ya majirani zetu wasio na vipande, yaani vitambulisho vya taifa. Naiandika ili wenzetu wa Kilifi na kwingineko wanaofikiria kazi kama hii wajue tulipopita. Majina ya watu sitayataja. Mtu asiye na karatasi akitangazwa jina lake, maneno yake yanaweza kumrudia vibaya.

Novemba, kaskazi ikianza

Kikao cha kwanza tumekifanya ukumbi wa madrasa baada ya alasiri. Wamekuja akina mama wa vyama vya kuweka na kukopa, wavuvi wa Shimoni na Vanga, Wamakonde wa Makongeni, na sisi vijana tuliopata mafunzo ya usaidizi wa kisheria. Mzee mmoja mchonga vinyago ndiye aliyeanza: "Wanangu, mambo haya si yalikwisha 2017?"

Swali lake ni la haki, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa katika safari ile. Wamakonde waliingia Kwale kutoka Msumbiji, wengi wao kuanzia miaka ya 1930, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Uhuru ukawakuta hapa, lakini hesabu ya raia ikawaruka. Wakazaa, wakazika, wakachonga vinyago vilivyonunuliwa na watalii wa Diani, na bado hawakuwa na karatasi hata moja inayosema wao ni watu wa wapi. Oktoba 2016 mamia yao wakaanza kutembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu, Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akawapokea na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Mapema 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43, na Agosti mwaka huo wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Washona, jamii yenye asili ya Zimbabwe, walifuata Desemba 2020. Wapemba, wenye asili ya kisiwa cha Pemba, walitangazwa katika gazeti rasmi la serikali Januari 2023, na Julai vitambulisho vikaanza kutolewa Kilifi.

Kwa hiyo kwa wengi yalikwisha, na tunashukuru. Lakini tangazo hulitaja kabila, na kipande hutolewa kwa mtu mmoja mmoja. Makarani walipokuja, kuna waliokuwa baharini, kuna waliokuwa vibarua Mombasa na Malindi, kuna wazee waliolala kitandani, na kuna waliokuwa watoto wakati huo ambao leo ni watu wazima wenye ndevu na watoto wao wenyewe. Hao ndio tunaowaandikia.

Tulilokubaliana: tusiende Nairobi kwa miguu kabla hatujaujaribu mlango ambao Katiba imeuweka. Mzee hakufurahi sana. Alisema mlango huo ulikuwapo hata 2016, na waliofunguliwa ni waliotembea. Nimeliandika neno lake hapa kwa sababu lina uzito, na sikuwa na jibu la kumpa.

Novemba, wiki inayofuata

Tumepita nyumba kwa nyumba kuwasikiliza watu. Sitaweka kila kisa, lakini viwili nimeona lazima viingie.

Cha kwanza ni cha bibi wa Kipemba aliyepita miaka 70. Wenzake wa rika hilo hupokea shilingi 2,000 kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee. Yeye hapokei, kwa sababu jina haliandikwi bila kipande. Mjukuu wake ndiye anayemtunza kwa kuuza samaki wa kukaanga, na laini ya simu wanayopokelea pesa imesajiliwa kwa jina la jirani. Bibi hakulalamikia pesa hata kidogo. Alichouliza ni akifa ataandikwa amekufa raia wa wapi.

Cha pili ni cha kijana wa Makongeni aliyemaliza kidato cha nne. Babake alipata kipande 2017. Kijana alizaliwa miaka mingi kabla ya hapo, na hapo ndipo panapomfunga. Ibara ya 14 ya Katiba inasema mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo siku aliyozaliwa babake au mamake alikuwa raia. Siku hiyo wazazi wake wote wawili hawakuwa raia wa nchi yoyote. Sasa mdogo wake aliyezaliwa 2018 ni Mkenya wa kuzaliwa bila swali, na yeye, mtoto wa nyumba hiyo hiyo na mama huyo huyo, anaambiwa akalete ushahidi. Alikwenda kwenye ofisi moja ya usajili akajibiwa kwamba zoezi la watu wake lilifungwa. Hakupewa barua wala risiti ya kuonyesha kwamba alifika.

Hiki cha pili ndicho kiini cha ardhilhali yetu. Watu wengi, hata viongozi, hudhani kwamba mzazi akipata kipande watoto hufuata wenyewe. Hawafuati.

Desemba

Tumeketi na sheria kurasa kwa kurasa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011, kifungu cha 15, inampa nafasi ya kusajiliwa kuwa raia mtu asiye na uraia wa nchi nyingine, ambaye ameishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963. Anatakiwa ajue Kiswahili au lugha nyingine ya hapa, asiwe amefungwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, anuie kuendelea kuishi hapa, na aelewe haki na wajibu wa raia. Kifungu cha 17 kinawataja wazao. Masharti haya si magumu kwa watu wetu. Bibi wa Kipemba anajua Kiswahili kuliko aliyeiandika sheria yenyewe.

Ugumu uko kwenye muda. Waombaji wa kifungu cha 15 walipewa miaka mitano tangu sheria ianze kutumika Agosti 2011, na Waziri akapewa uwezo wa kuongeza mitatu zaidi. Iliongezwa. Ukihesabu unafika mwisho wa Agosti 2019. Sasa fikiria mwenyewe: dirisha linafunguliwa 2011, watu wanaolihitaji hawana redio wala gazeti linalowafikia, hakuna karani anayewafuata, na miaka mitano imeshakwisha ndipo wanapoanza kutembea barabarani. Muda uliowafaa kweli ulikuwa mfupi mno. Ndiyo sababu ombi letu la kwanza ni la kubadilisha sheria: muda huu uondolewe kabisa, au ufunguliwe upya, na serikali ilazimike kuwafuata watu kule waliko.

Baadhi walitaka twende kwenye Bunge la Kaunti kwa sababu Kwale ni karibu na nauli ni ndogo. Tumeliacha wazo hilo. Uraia ni kazi ya serikali ya kitaifa, na wawakilishi wa wadi hata wakituunga mkono wote hawana uwezo wa kugusa sheria hiyo.

Desemba, karibu na mwisho wa mwaka

Tumefika kwenye jambo lililotusimamisha.

Sheria ya 2012 inayoeleza namna ya kuwasilisha ardhilhali Bungeni ina masharti mengi, na mengi yake ni mepesi. Iandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Lugha iwe ya heshima. Isiwe na maneno yaliyofutwa au kuchomekwa juu ya mstari. Kila karatasi ionyeshe jambo linaloombwa. Ieleze kama ofisi husika zimeombwa kwanza na zilijibu nini. Iseme kama jambo liko mahakamani. Imalizike kwa ombi lililo wazi. Isibandikwe barua wala viapo nyuma yake. Na tena: kila mwombaji aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho, na sahihi au alama ya dole gumba.

Nambari ya kitambulisho! Watu wanaomba kipande, na fomu ya kukiombea inataka nambari ya kipande.

Tuliposoma sehemu hiyo kwa sauti, ukumbi ulinyamaza, kisha mama mmoja wa Shimoni akainuka na kusema kwamba basi watakaotia sahihi ni wasio na shida, na wenye shida watasimuliwa kama marehemu. Nilikasirika, na bado nimekasirika ninapoandika. Sidhani kuna aliyekusudia kuwafungia nje; sharti liliwekwa ili majina yasibuniwe. Lakini matokeo yake ni kwamba anayelilia haki ya kutambuliwa hawezi kulia kwa jina lake.

Siku chache baadaye tumerudi kwenye Katiba yenyewe, ambayo iko juu ya sheria hiyo na juu ya fomu zote. Ibara ya 119 inasema kila mtu ana haki ya kuwasilisha ardhilhali Bungeni. Ibara ya 37 nayo inampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha, kuandamana, na kupeleka ardhilhali kwa mamlaka ya umma. Haki hizi hazikuwekewa sharti la uraia kama ilivyowekewa haki ya kupiga kura katika Ibara ya 38. Bibi wa Kipemba ni mtu.

Uamuzi: tunatengeneza orodha mbili ndani ya waraka mmoja. Ya kwanza ni ya wenye vipande, majirani na jamaa waliokubali kusimama mbele, pamoja na nambari zao. Ya pili ni ya wasio na vipande, kila mmoja kwa jina, kijiji na dole gumba, na mahali pa nambari tumeandika "hajapewa". Katika aya ya kwanza tunaeleza kwa nini, tukitaja Ibara ya 119. Karani wa Bunge ana siku saba za kuangalia kama waraka umetimiza masharti, na anaweza kuelekeza urekebishwe. Akikataa orodha ya pili, ya kwanza itabaki na nguvu zake, na kukataa kwenyewe kutakuwa kwa maandishi.

Januari

Barua zimetoka. Kwa kuwa lazima tuonyeshe kwamba ofisi husika zimeombwa kwanza, tumeandikia ofisi ya usajili wa watu, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, na ofisi ya kaunti ndogo. Kila barua imepelekwa kwa mkono, na nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Nawasihi wenzetu wasiiruke hatua hii. Mihuri hiyo ndiyo itakayosema Bungeni kwamba tulibisha hodi.

Kwa ofisi ya usajili tumeongeza ombi la habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: maombi mangapi ya vipande kutoka vijiji vyetu hayajajibiwa, na kwa sababu gani. Sheria inawapa siku 21. Wasipojibu, hatua inayofuata ni kwa Mchunguzi wa Malalamishi ya Umma.

Kwa Tume ya Uchaguzi tumeandika kuhusu kura. Usajili wa wapiga kura wapya umekuwa ukiendelea tangu Septemba 29, 2025, na uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Daftari la 2022 lilikuwa na majina 22,120,458, na hakuna hata moja la kijana wetu wa Makongeni. Ili uandikishwe unahitaji kitambulisho cha taifa au pasipoti. Kijana asiye na kipande hana cha kumwonyesha karani wa tume hata akipanga foleni tangu alfajiri. Hatuiombi Tume iwaandikishe watu bila kitambulisho. Sheria haiwaruhusu, na tungekuwa tunaomba jambo la kukataliwa. Tunaomba Tume na ofisi ya usajili wapange safari pamoja, waje Shimoni, Vanga, Majoreni na Makongeni siku moja, meza kwa meza, ili anayepata kipande asitafute tena nauli ya kwenda kujiandikisha mbali. Ibara ya 83 inasema mipango ya kuandikisha wapiga kura iwe ya kumrahisishia raia, isiwe ya kumnyima.

Januari, tukikusanya madole

Wavuvi hutoka na kurudi kwa maji, si kwa saa ya ukutani, kwa hiyo meza yetu imehamia bandarini. Tunasubiri samaki wapimwe, wachuuzi waondoke, ndipo tunafungua kidau cha wino. Makaratasi yanafunikwa na nailoni kwa sababu ya mikono yenye maji ya chumvi, na mtu huoshwa dole kwanza na kukaushwa. Waraka haukubali doa wala kufutafuta, na karatasi ikichafuka tunaianza upya pamoja na wote waliokuwa juu yake.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika imani. Nahodha mmoja alikataa kabisa mara ya kwanza. Alisema dole lake limechukuliwa na watu wengi: wa usajili wa serikali wa Huduma Namba 2019, wa miradi, wa wanasiasa kabla ya uchaguzi, na hakuna aliyerudi kumwambia lilikwenda wapi. Tulimsomea waraka wote kwa sauti, mpaka mwisho, na tukamwachia nakala. Aliipeleka kwa mwalimu wa madrasa amsomee tena. Kisha alikuja na wanawe. Tangu siku hiyo ni kanuni yetu: hakuna dole kabla waraka haujasomwa wote mbele ya anayelitia, hata kama foleni ni ndefu na jua limepanda.

Kuna wazee wa mkonge ambao vidole vyao vimesagika kwa kazi hata mistari haionekani vizuri. Alama zao zimetoka kama kivuli. Tumeweka shahidi mwenye kipande kando ya kila alama kama hiyo.

Februari

Tumebishana juu ya maombi, yaani mambo tutakayoliomba Bunge mwishoni mwa waraka. Wapo waliotaka tuombe mawili tu, sheria na vipande, wakihofia kwamba tukitaja pesa tutaonekana tunaomba msaada. Akina mama wakasimama imara kwamba njaa iandikwe. Mimi niko upande wao. Mtu asiye na kipande hapati leseni ya uvuvi kwa jina lake, kwa hiyo huvua chini ya jina la mwenzake na kumgawia. Hawezi kujiandikisha katika bima ya afya ya SHA. Hawezi kupewa hatimiliki ya shamba alilolilima maisha yake yote. Hawezi kukopa. Mali yake yote inakaa mikononi mwa mwenye karatasi, na wakikosana hana pa kushtakia. Kuyaeleza hayo ni kuonyesha dhuluma inavyofanya kazi kila siku sokoni na baharini.

Maombi tuliyoafikiana yako hivi kwa ufupi: Bunge lirekebishe vifungu vya 15 na 17 ili muda usiwazuie waliokwisha kustahili, watoto waliozaliwa kabla wazazi hawajasajiliwa wafuate hadhi ya wazazi wao bila kesi mpya, ofisi ya usajili ifike vijijini pamoja na Tume ya Uchaguzi kabla ya 2027, kila anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, kama Ibara ya 47 inavyotaka, na wazee waliopita miaka 70 wakipata vipande waingizwe Inua Jamii mara moja, wasisubiri uandikishaji mwingine.

Waraka umeandikwa kwa Kiswahili. Sheria inaruhusu, na walioutilia madole wanaweza kuusikia na kuukosoa. Mzee mchonga vinyago ameukosoa sana, hasa palipoandikwa "tunanyenyekea". Fomu ya sheria ina maneno ya unyenyekevu, nasi tulihofia kuyaondoa. Akasema heshima atatoa, kunyenyekea amekunyenyekea vya kutosha. Tumeweka "kwa heshima".

Machi

Siku 21 zilipita bila jibu la ombi la habari, na malalamiko yameshapelekwa kwa Mchunguzi. Ofisi ya kaunti ndogo ilijibu kwa barua fupi kwamba jambo hili liko juu ya uwezo wake. Barua hiyo imetufaa. Imetajwa katika waraka.

Ardhilhali imewasilishwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa na imepokelewa kwa muhuri. Wajumbe wetu wawili walisafiri na basi la usiku, waraka ukiwa mapajani. Barua, viapo na picha hatukuambatisha kwa sababu sheria imekataza. Zimepangwa katika faili pembeni, kwa siku ya kuitwa mbele ya kamati.

Yanayofuata ni haya. Waraka ukikubaliwa utapelekwa kwa Spika, usomwe Bungeni, kisha uende kwa Kamati ya Ardhilhali za Umma. Kamati inaweza kuita mashahidi. Tumependekeza bibi wa Kipemba, kijana wa Makongeni, nahodha na mama wa Shimoni. Bibi hawezi kusafiri hadi Nairobi, kwa hiyo tumeiomba kamati ifike Kwale, na ikishindikana imsikilize kwa video kutoka ukumbi wa chifu. Kijana anakusanya kadi yake ya kliniki, barua ya shule ya msingi, na nakala ya kipande cha babake. Mchango wa nauli bado unaendelea kwa mweka hazina wa chama cha akina mama, na hesabu yake husomwa kila Ijumaa baada ya sala.

Orodha ya pili imewekwa wazi kwa waliochelewa. Majina mapya hayataingia katika waraka uliokwisha kupokelewa, lakini tutayakabidhi kwa kamati siku ya kusikilizwa. Anayetaka kutia dole aje bandarini Shimoni au ukumbi wa madrasa Makongeni, na kama ana karatasi yoyote, hata kadi ya chanjo au stakabadhi ya zamani ya shamba la mkonge, aje nayo.